Kichwa Hufuata Kinachoulizwa

Nilihifadhi Juzuu ya Amma kabla sijajua maana ya aya hata moja iliyomo. Sijigambi kwa hilo wala silionei haya; ndivyo tulivyosomeshwa sote pale chuoni kwetu Pangani, wasichana upande huu wa mkeka, wavulana upande ule, na ustadhi katikati na kifimbo chake, ambacho kwa kweli kilitumika zaidi kufukuzia kuku. Ustadhi anatangulia, mnafuatisha. Mnafuatisha tena. Unakwenda nyumbani umeshika aya mbili tatu, na kesho yake, kabla ya jingine lolote, unakaa mbele yake kurudisha somo. Msahafu umefungwa. Unafumba macho, mwili unayumba wenyewe mbele na nyuma, na maneno yanatoka.

Siku hizi kukariri kumekuwa kama tusi. Kila anayezungumzia elimu huanza kwa kukulaani, kisha ndipo anakaa. Mimi nasita kidogo. Mwaka 2006, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi walisoma matini fupi. Baadhi wakaisoma tena. Wengine wakaifunika na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Ustadhi wangu hakuwahi kusikia habari za watu hao, lakini kurudisha somo kwake ndiko kulikuwa huko huko.

Alichopungukiwa ni hatua iliyofuata. Hakuna aliyetuuliza aya ile inasema nini, na kwa kuwa hatukuulizwa, na sisi hatukujiuliza. Maana nilikuja kukutana nazo ukubwani, na tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ikiwa mapajani. Hapo nikagundua jambo la kushangaza. Sura nilizozishika utotoni zilikuja zenyewe, bila kuitwa. Lakini dua moja mpya, fupi tu, iligoma kukaa kichwani mpaka nilipojua kila neno lake linasema nini. Kichwa ni kilekile, kimebadilisha masharti.

Ni masharti hayo ninayotaka kuyazungumza. Tunapenda kusema kwamba mtoto ana kichwa chepesi na mtu mzima kichwa kizito. Kwamba fulani kazaliwa na hesabu na fulani hana. Nimekuwa mwanafunzi, nimekuwa mwalimu wa hisabati kwa miaka mingi, na sasa ni mwanafunzi tena wa kazi nyingine kabisa. Kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba namna mtu anavyofikiri ni jibu kwa kile ambacho watu waliomzunguka wanamwuliza, na namna wanavyomwuliza. Umri una sehemu yake, na nitaitaja. Lakini tumeutwisha mzigo usio wake.

Bibi yangu mzaa mama aliuza maandazi kivukoni, pale watu wanaposubiri pantoni ya kwenda Bweni. Utotoni mwake hakukanyaga darasa hata siku moja. Nikitoka chuoni nilikuwa namsaidia. Andazi shilingi tano. Abiria anachukua saba, anatoa noti ya hamsini, na pantoni imeshaanza kujaa. Bibi hakuwa akitoa thelathini na tano katika hamsini. Alianzia deni lilipo: “Thelathini na tano hiyo,” anasema, anaweka sarafu ya tano kiganjani mwa mteja, “arobaini,” anaongeza ya kumi, “hamsini, nenda salama.” Chenji imetoka na hesabu imehakikiwa mbele ya mashahidi. Nikaiga. Nikiwa darasa la pili niliweza kuwarudishia chenji watu wanaogombea nafasi ya mbele bila kumkosea hata mmoja. Darasani, hesabu ileile ikipangwa wimawima, hamsini juu na thelathini na tano chini, nilikwama kwenye sifuri: sifuri utoe tano haiwezekani, ukakope kwa jirani. Kukopa! Kwa nini nikope na pesa iko mkononi? Mwalimu alimwona mtoto mzito wa hesabu. Bibi alimwona mtoto anayeweza kuachiwa beseni la maandazi.

Nilipofika chuo cha ualimu ndipo nikasoma kwamba jambo hili limeshapimwa, na mbali sana na Pangani. Mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti waliofanya Recife, Brazil. Waliwafuata watoto watano waliokuwa wakichuuza mitaani, wakanunua bidhaa zao kama wateja wa kawaida na kuwauliza bei. Mtoto mmoja aliulizwa nazi kumi ni kiasi gani, moja ikiwa 35. Hakuweka sifuri mwishoni mwa 35, kama tunavyofundishwa sote. Alikwenda kwa mafungu ya nazi tatu tatu, kwani bila shaka bei ya tatu alikuwa nayo mdomoni: 105, kisha 210, kisha 315, akamalizia na moja iliyobaki, 350. Mitaani watoto hao walipatia karibu maswali yote, asilimia 98. Walipopewa hesabu zilezile baadaye kwa karatasi na kalamu, bila nazi wala mteja, walipatia asilimia 37 tu. Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Ningekuwa na anwani ya bibi kule aliko ningemwandikia barua.

Yuko Mrusi mmoja, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 37, ambaye alisema kwamba mawazo ya mtu mzima huanza nje yake, katika mazungumzo na mwingine, ndipo yakaingia ndani. Mtoto anayecheza peke yake huku akijisemesha kwa sauti, “sasa weka hapa, siyo hapo,” yuko njiani: maneno ya mkubwa yameshakuwa yake lakini hayajawa kimya bado. Nakubaliana naye bila ubishi, kwa sababu mpaka leo nikihesabu chenji sokoni Kariakoo sauti inayohesabu ndani yangu ni ya kike, ya kizee, na inamalizia na “nenda salama.”

Mwanangu wa pili, akiwa na miaka minne, alilia kwamba dada yake kapewa juisi nyingi kuliko yake. Glasi ya dada ilikuwa ndefu na nyembamba, yake fupi na pana. Nikaimimina ya dada kwenye glasi pana mbele ya macho yake. Akaona zimelingana, akanyamaza. Nikairudisha kwenye ile nyembamba. Akalia tena, na mara hii kwa hasira zaidi, kwa kuwa sasa aliona mama yake anamfanyia mazingaombwe.

Jaribio hilo ni la Jean Piaget, Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896 na kuanza utafiti wake kwa konokono kabla hajahamia kwa watoto. Akiwa kijana alipewa kazi Paris ya kusanifisha maswali ya vipimo vya akili. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu waliopata na waliokosa. Yeye akavutiwa na waliokosa. Aliona kwamba watoto wa umri mmoja hukosa kwa namna inayofanana, na kwamba ukimsikiliza mtoto akieleza jibu lake bovu utakuta lina kanuni. Mwanangu alikuwa na kanuni: kilichopanda juu zaidi ndicho kingi zaidi. Mara nyingi kanuni hiyo hufanya kazi. Mlima mrefu ni mkubwa, kaka mrefu ni mkubwa, rundo la machungwa lililopanda juu lina machungwa mengi. Haikosei mpaka ikutane na glasi. Kwa Piaget, kufikia miaka saba hivi mtoto huanza kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, urefu na upana, na kilio cha juisi huisha chenyewe bila semina.

Piaget alikuwa sahihi kwa mengi, lakini kuna kitu alikipita. Miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Uskoti waliligusa jaribio la namna hiyohiyo. Katika jaribio la kawaida, mkubwa anapanga vipande kwa mistari miwili iliyolingana, anauliza kama idadi ni sawa, kisha anautandaza mstari mmoja na kuuliza tena. Watoto wengi husema sasa mrefu una vingi. Wao wakamwingiza mwanasesere mtundu, dubu wa kuchezea, ambaye “kwa bahati mbaya” ndiye anayevuruga mstari. Sasa wengi zaidi wakajibu sawasawa. Mkubwa anapovuruga kwa makusudi na kurudia swali lilelile, mtoto hudhani jibu lake la kwanza halikumridhisha. Nani miongoni mwetu asiyelijua hilo? Mama akikuuliza “umeshakoga?” ukasema ndiyo, akatulia, kisha akasema tena “umeshakoga wewe?”, hukumbuki tena ulichofanya bafuni, unatafuta jibu litakaloleta amani. Katika nyumba zetu, ambako mtoto hufundishwa kusoma uso wa mkubwa kabla hajafundishwa kusoma herufi, mengi tunayoyaita “mtoto hajui” ni mtoto anayejua vizuri sana: anakujua wewe.

Nikaenda sekondari. Shule sitaitaja, kwani haikuwa na tofauti na nyingine. Lakini kabla ya hapo, nikiwa bado shule ya msingi, darasa la sita, nilimwuliza mwalimu wa sayansi: kama mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, usiku unakula nini? Mwalimu yule alifurahi mpaka akaweka chaki chini. Tulizungumza usanisinuru na akiba ya wanga kwenye majani kipindi kizima, na wavulana wa nyuma ambao hawakuwa wasemaji wakaleta habari za migomba na minazi. Baadaye, kidato cha kwanza, somo lilelile likaja kwa Kiingereza. Nililijua. Lakini nililijua kwa lugha ambayo ukiisema unavishwa kibao shingoni, unakivaa mpaka umkamate mwenzako akiisema. Basi nikakaa kimya. Nikachukua ile fasili ya mistari mitatu ubaoni, nikaihifadhi neno kwa neno, koma kwa koma, kama nilivyohifadhi Amma. Kwenye pepa niliitapika yote. Nilipata alama za juu kabisa.

Niliendelea hivyo miaka minne. Tulikuwa tunabukua usiku kwa taa ya chemli, tunagawana maswali ya mitihani iliyopita, tunajua swali la saba hupenda kutoka na swali la nne halijatoka siku nyingi. Niliipa kila mada kurasa zake na kila ukurasa mahali pake ndani ya kichwa. Nilifaulu kuliko nilivyoelewa. Kwa mtu wa nje, ningeonekana ni mtoto aliyekuwa mdadisi kisha “akakua” na kuwa mkariraji. Hakuna aliyekua hapo. Ni swali lililobadilika: darasa la sita niliulizwa nafikiri nini, kidato cha kwanza nikaulizwa kimeandikwa nini. Watoto wa Tanzania wanaovuka kutoka msingi wa Kiswahili kwenda sekondari ya Kiingereza wanapitia mlango huohuo hadi leo, na wanapotoka upande wa pili tunawaambia hawapendi kufikiri.

Wapo waliovuka mlango na swali lao likiwa bado mkononi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto. Wavulana walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombaniwa, na Mpemba, asije akaikosa, akaingiza yake yangali ya moto. Aliporudi, yake yalikuwa yameganda na ya mwenzake aliyeingiza ya baridi yalikuwa bado. Akamwuliza mwalimu. Akaambiwa kachanganyikiwa. Baadaye akakutana na wauza aiskrimu wa Tanga mjini, nao wakamwambia kwamba wao huingiza ya moto makusudi, yapate kuganda haraka. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akaligeuza swali kuwa mzaha. Wenzake wakaudaka, kila akikosea hesabu huambiwa hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kisha akaja Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Kijana akasimama akauliza kwa mara nyingine. Osborne naye hakuamini, lakini alipanda gari na swali lile, akampa fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanafizikia wangali wanabishana kama jambo lenyewe hutokea, na likitokea ni kwa masharti gani.

Tunapoisimulia hadithi hii tunamsifu Mpemba kwa ushupavu, na anastahili. Lakini tazama: kijana alikuwa yuleyule mbele ya watu watatu. Wawili walipata mwanafunzi aliyechanganyikiwa, mmoja akapata mtafiti. Ujana ndio umri ambao kichwa kinaanza kuweza kusema “tuseme kwamba” na kukifuata kisemwacho hadi mwisho, hata kama kinapingana na mkubwa. Uwezo huo huja wenyewe. Ukikuta kila mara unapigwa mzaha, huo nao hujifunza, hujifunza kunyamaza. Na wale wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na jibu siku zote; ni vile tu hakuna aliyefikiri kwamba jibu la fizikia linaweza kuwa kwenye kigari cha aiskrimu.

Nilipokuwa mwalimu tulipelekwa semina tukafundishwa kwamba wanafunzi wako wa aina tatu: wa kuona, wa kusikia, na wa kushika. Tulijaza fomu, tukahesabu alama, kila mtu akaondoka na aina yake na soda. Nilitoka mtu wa kusikia. Jambo hili lilipendwa duniani kote, na nadhani lilipendwa kwa sababu lina adabu: halimwambii mtu kwamba hawezi, linamwambia kwamba hajafundishwa kwa njia yake. Lakini mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipopitia tafiti zilizokuwapo hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtu hujifunza zaidi akifundishwa kwa “aina” yake. Ramani hufundishwa kwa macho kwa kila mtu, na kasida kwa sikio kwa kila mtu. Mimi mtu wa kusikia nilijifunza kuendesha gari kwa miguu na mikono, kama kila dereva.

Kilichonipa mwanga zaidi ya fomu ile ni utafiti wa Robert Serpell, uliotoka mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester michoro waiige kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester walishinda. Kwa waya, wa Lusaka walishinda. Kwa udongo, hakukuwa na tofauti. Yeyote aliyekulia upande huu wa dunia anajua kwa nini: watoto wa Lusaka walikuwa wakijiundia magari ya waya mitaani. Ungepima kwa kalamu peke yake ungesema hawana jicho la maumbo. Na Usenge, upande wa Ziwa Victoria nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo ujuzi wa mitishamba: dawa ipi kwa ugonjwa upi, unaipata wapi, unaitumiaje. Waliojua sana dawa walielekea kupata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza na masomo ya shule. Watafiti walilieleza kwa njia ambayo haihitaji maabara: familia nyingine ziliweka nguvu shuleni, nyingine katika ujuzi ambao kijiji kinautumia. Mtoto huenda kule anakotumwa.

Sasa umri. Uko, na hauna huruma. Mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenganisha akili ya kukabili jambo geni papo kwa papo, ambayo hupanda ujanani kisha ikaanza kushuka mapema, na akili inayojengwa na ujuzi na maneno, ambayo huendelea kupanda hata nywele zikiwa nyeupe. Nazihisi zote mbili. Namba ya simu ya mtu mpya siishiki tena. Lakini nikitazama daftari la mwanafunzi aliyekosa hesabu, naona alikokosea kabla sijamaliza mstari, kwa kuwa kosa lile nimeliona kwa watoto wengi waliomtangulia.

Nilipokaribia kustaafu nilikwenda kujifunza cherehani kwa fundi kijana pale Mbagala, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Ananiita mwalimu, namwita fundi, na kila mmoja anaona haya kidogo. Mwanzoni nilimchosha. Kwa nini kitambaa kinakatwa kwa kufuata uzi? Kwa nini kwapa la mbele linakatwa kuingia ndani kuliko la nyuma? Siku moja akaondoa futikamba shingoni, akaniambia kwa upole: “Mwalimu, shona kwanza. Sababu utaikuta mbele.” Nikashona. Blauzi ya kwanza ilibana kwapani kiasi kwamba sikuweza kuinua mkono kunywa chai, na hapo nikaelewa habari ya kwapa la mbele kwa namna ambayo asingeweza kunieleza. Vijana wawili anaowafundisha pamoja nami hawaulizi kitu. Wanatazama vidole vyake na kuiga, na kwa wiki za mwanzo waliniacha mbali. Tulipofika kwenye kupunguza na kuongeza vipimo kwa miili tofauti, mimi nikawa nawaeleza wao. Uwiano nimeufundisha maisha yangu yote.

Mtu mzima huja na swali lake, na asipopata nafasi ya kulitumia huondoka. Mwaka 1970 ulitangazwa Tanzania kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja ya Mwalimu Nyerere ilikuwa kwamba matunda ya elimu ya watoto yatachelewa miaka mingi, na nchi haiwezi kungoja. Bibi alikwenda kisomo jioni. Mama hutusimulia kwamba kitabu kilimchosha. Alichotaka yeye ni kuandika majina ya wanaomdai na anaowadai, na alipoyaweza hayo akaona kahitimu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilimwelewa mtu wa namna yake vizuri zaidi. Vikundi viliketi kusikiliza redio, vikajadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Na Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza shule ya msingi Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alisema anataka kusoma Biblia mwenyewe, ahakikishe wahubiri wanasema kilichomo. Hilo ni swali ambalo mtoto wa miaka sita hawezi kuja nalo shuleni.

Januari shule zinafunguliwa, na katika nyumba nyingi kuna mtoto anayeanza kidato cha kwanza. Akirudi jioni usimwulize amepata ngapi. Mwulize leo wamefundishwa nini, na mwache aeleze kwa Kiswahili, au kwa Kisambaa, au kwa lugha yoyote anayoigombania chakula na ndugu zake. Akikwama, mwulize anafikiri ni kwa nini. Akijibu, hata kama jibu ni bovu, mwombe akueleze amelifikiaje. Kama ni mwalimu wake unayesoma hapa, ndugu yangu, kibao kile kivue shingoni mwao kesho asubuhi. Tulikivaa sisi, na Kiingereza hatukukijulia hapo.